MAFUTA YA MJANE: Namna ya kuanza biashara ndogo bila kuila

Somo la kujifunza katika vikundi vya wamama, wababa na vijana

Maandiko ya kusoma kwanza: 2 Wafalme 4:1-7. Vilevile: Luka 14:28-30, Mezali 11:1, 2 Watesalonika 3:10-12.



Kanisa letu linasimama juu ya maneno matatu: Upendo, Amri, Kazi. Maneno mawili ya kwanza tunayahubiri kila siku ya Mungu. Neno la tatu tunalitaja pamoja na mengine, lakini ni mara chache tunakaa chini kulifundisha. Leo tunataka kukaa chini.

Tukumbuke tunatoka wapi. Papa Simon Kimbangu alianza kazi yake Nkamba tarehe 6 Aprili 1921. Mwaka ule ule alikamatwa, akahukumiwa, akaletwa mbali na kwao mpaka Elisabethville, ndiyo Lubumbashi yetu ya leo, akakaa katika gereza mpaka kufa kwake tarehe 12 Oktoba 1951. Waamini walibaki bila mali na bila ruhusa ya serikali, mpaka Kanisa lilipokubaliwa tarehe 24 Desemba 1959. Na hekalu la Nkamba, lililofunguliwa tarehe 6 Aprili 1981, lilijengwa kwa mikono na kwa matoleo ya waamini wenyewe. Basi sisi si watoto wa watu waliokaa kungojea kupewa.

Lakini tuseme kweli. Watu wengi wanakuja kuombewa wapate kazi, na kazi ya mshahara ni kidogo. Hapa Katanga tuliona jambo la kufundisha mwaka 2003, wakati wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walipoondoka kazini, kila mmoja akiwa na feza mkononi. Ndugu wengi walifungua biashara. Wengine walisimama mpaka leo. Wengine walimaliza feza yote mbele ya mwaka kwisha. Tulikaa nao, tukaulizana, na tena wengine kati yetu tunaoandika somo hili tulianguka vilevile. Tulionaje? Mara nyingi biashara haikufa kwa kukosa wanunuzi. Ilikufa kwa sababu tuliila sisi wenyewe.

Ndiyo maana tumechagua habari ya mjane wa 2 Wafalme sura ya 4. Mume wake alikuwa mtu wa kuogopa Mungu, akafa, akaacha deni. Mdai anakuja kuchukua watoto wawili wawe watumwa. Mama huyu anamlilia nabii Elisha. Tutazame hatua kwa hatua namna alivyotoka.

1. NABII ALIULIZA: KATIKA NYUMBA UNA NINI?

Elisha hakutoa feza. Hakumwambia aende kukopa. Alimwuliza ana nini katika nyumba. Mama akajibu kwamba hana kitu, kisha akakumbuka mafuta kidogo. Sisi pia tunajibu hivyo: sina kitu, nangojea kapitali. Lakini kapitali ya kwanza mara nyingi iko tayari katika lupango.

Chukua kaye na biki, andika kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza: vitu nilivyo navyo. Mbabula, karai, mashini ya kushona, kinga, kiwanja karibu na njia kubwa. Ukurasa wa pili: kazi ninayojua kufanya vizuri kuliko jirani. Kupika vitumbula, kusuka nywele, kutengeneza viatu, kufuga kuku, kutengeneza sabuni. Biashara ya kuanza itoke pale kurasa mbili zinapokutana. Usianze kazi usiyoijua kwa sababu tu ulimwona mwingine anafanikiwa ndani yake. Yule alilipa garama ya kujifunza, wewe bado.

Na hapa tunasimama juu ya Amri. Kuna vitu vinavyouzwa haraka: bia, lutuku, sigara. Mtu akisema vinaleta faida, hasemi uongo. Lakini kitu tunachokatazwa kunywa na kuvuta, hatuwezi kukiuza kwa mtoto wa jirani na kisha kuleta faida yake mbele ya Mungu. Afazali faida ndogo inayokaa.

2. ALITUMWA KUOMBA VYOMBO KWA JIRANI

Angalieni vizuri: hakutumwa kuazima feza, alitumwa kuazima vyombo vitupu. Na mafuta yalitoka kwa kadiri ya vyombo. Vyombo vilipokwisha, mafuta yalisimama.

Kwa biashara yetu, chombo kitupu ni mnunuzi. Bidhaa haitapita wingi wa wanunuzi. Kwa hiyo mbele ya kununua kitu chochote, fanya juma moja la kutazama. Simama mahali unapotaka kuuzia, asubuhi na jioni. Hesabu watu wanaopita. Hesabu wauzaji wa kitu kile kile. Uliza wanauza kwa bei gani, kisha uliza wanunuzi wanakosa nini. Kama katika njia moja kuna wamama saba wa vitumbula, wewe wa nane utagawanya nao wanunuzi wale wale, na wote mtabaki na njaa. Labda pale panakosekana uji, au karanga, au mtu wa kuuza makala kwa kadogo.

Tukumbuke watu wetu wananunua kwa kadogo: mafuta ya kipimo kidogo, sukari ya mfuko mdogo, unga wa meka moja. Anayenunua mfuko mzima na kuuza kwa kadogo anapata faida yake katika kugawanya. Lakini agawanye kwa haki. Tunajua wauzaji wanaogonga meka chini, ikaingia ndani ili unga upungue. Mezali 11:1 inasema wazi namna Mungu anavyotazama kipimo cha uongo. Na soko nalo linaona: mnunuzi aliyeibiwa mara moja hasemi kitu, anahama tu.

3. ALIFUNGA MLANGO

Hapa ndipo moyo wa somo letu. Nabii alimwambia aingie pamoja na watoto wake, na afunge mlango nyuma yao. Kwa nini? Kama mlango ungebaki wazi, jirani angekuja na chupa yake: mama, nisaidie kidogo tu. Shangazi angekuja. Mafuta yangeisha mbele ya deni kulipwa, na watoto wangechukuliwa.

Kapitali ni mafuta yale. Si feza yako ya kula. Ni mbegu. Mkulima mwenye njaa anaweza kula mbegu leo, akashiba, na mwaka unaokuja akalia.

Tunajua mlango huu ni mgumu kufunga. Sisi si watu wa kuishi kila mtu peke yake. Kilio kinapotokea, jamaa wanatazama nani anauza sokoni. Mtoto wa ndugu anafukuzwa masomoni. Mume anasema, nipe kidogo nitarudisha kesho. Na tuseme pia lile ambalo watu wanaogopa kusema: hata siku ya nsinsani, wakati vikundi vinashindana kutoa, kuna mama anayetoa feza ya unga wa kesho kwa sababu anaona haya kukaa kwenye kiti. Kesho yake hana cha kupika, na juma linalofuata anakuja kukopa kwa waamini. Hatusemi asitoe. Kutoa ni baraka, na Kanisa hili limejengwa kwa kutoa. Tunasema atoe katika faida, kwa furaha, na aache mbegu katika udongo. Akilinda kapitali yake, atatoa miaka mingi. Akiitoa yote leo, ametoa mara moja.

Namna ya kufunga mlango bila kufunga moyo:

a) Tenga feza ya biashara na feza ya nyumba, katika mikebe miwili au katika simu mbili za M-Pesa au Airtel Money. Zisilale pamoja hata usiku mmoja.

b) Weka mkebe wa tatu, wa misaada na kilio. Uwe mdogo, lakini uwe pale. Ndugu akija, unatoa mule. Ukiwa mtupu, unamwambia kweli kwamba umekwisha. Hapo si moyo mgumu, ni mkebe uliokwisha.

c) Zungumzeni katika nyumba mbele ya kuanza. Wababa, tunawaambia ninyi kwa upendo: mama alifunga mlango pamoja na watoto wake, maana yake nyumba nzima ilijua mpango. Baba anayechukua feza katika mkebe wa biashara wa bibi yake anavunja ukuta wa nyumba yake mwenyewe. Na mama naye asimfiche mume faida, maana siri ndiyo inaleta mashaka.

d) Ukichukua kitu cha biashara kwa kula, lipa bei yake kama mnunuzi mwingine. Vitumbula vya watoto wako viandikwe pia.

4. ALIMIMINA, NA WATOTO WAKALETA VYOMBO

Kazi ilifanyika kwa utaratibu: wengine walileta, mama alimimina. Kwetu utaratibu huo ni hesabu ya kila jioni. Tuchukue mfano wa mama wa vitumbula. Bei hizi ni za mfano tu. Mahali penu andikeni bei zenu.

Garama ya siku moja:
– unga wa ngano: 11,000 FC
– mafuta: 7,500 FC
– sukari: 3,000 FC
– chachu na chumvi: 1,000 FC
– makala: 2,500 FC
– mifuko ya kufungia: 500 FC
– kodi ya soko: 500 FC
Jumla: 26,000 FC.

Anapika vitumbula 180. Kumi vinaungua au vinaliwa na watoto. Anauza 170 kwa 200 FC kila kimoja: anapata 34,000 FC.

Sasa sikilizeni. Jioni mama huyu ana 34,000 FC mkononi, na anajiona ana feza nyingi. Lakini 26,000 si zake, ni za unga wa kesho. Zake ni 8,000 tu. Kama asiyeandika atanunua kitenge cha 15,000, anazani amenunua kwa faida, kumbe amekata 7,000 katika kapitali. Kesho atapika vitumbula vichache zaidi, atapata kidogo zaidi, na hatajua mwizi ni nani. Kaye inajua.

Tuongeze jambo moja ambalo nchi yetu ilitufundisha kwa machozi. Mwaka 1993 zaire mpya ilibadilishwa kwa zaire 3,000,000 za zamani. Mwaka 1998, faranga ya Kongo ilipokuja, ilichukua zaire mpya 100,000 kwa faranga moja. Wauzaji waliohesabu faida kwa wingi wa noti walikuwa na noti nyingi na duka tupu. Kwa hiyo kila jioni usiulize tu: nina faranga ngapi? Uliza: feza hii itanunua tena unga kadiri gani? Bei ya unga ikipanda, hesabu yako ya faida ibadilike siku ile ile. Wale wanaouza unga wa mahindi hapa Lubumbashi wanajua hayo: miezi ya mbele ya mavuno, au wakati mahindi ya Zambia hayapiti vizuri Kasumbalesa, bei inaruka. Kapitali ihesabiwe kwa mifuko, si kwa noti.

5. ALIRUDI KUULIZA, KISHA ALILIPA DENI

Vyombo vilipojaa, mama hakukimbia sokoni peke yake. Alirudi kwa mtu wa Mungu kuuliza. Ndipo akaambiwa: uza, lipa deni, kisha wewe na watoto mwishi kwa kinachobaki. Angalieni utaratibu. Deni linakuja mbele ya kula.

Ndugu, chungeni sana mkopo wa mtaani, ule watu wanauita "banki lambert". Unachukua 100, mwisho wa mwezi unarudisha 130, hata 150. Biashara ndogo gani inaweza kubeba mzigo huo? Mama wetu wa vitumbula, faida yake si kubwa hivyo baada ya kula. Atalipa kwa karai yake, na kisha kwa vyombo vya nyumba. Mdai wa leo hachukui watoto kuwa watumwa, lakini watoto wanaacha masomo, na ni karibu sawa.

Kuna njia nyingine. Likelemba: watu 10 wanaoaminiana, kila mmoja anatoa 5,000 FC kwa juma, na kila juma mmoja anapokea 50,000. Hakuna riba. Likelemba ni nzuri kwa kununua chombo cha kazi, kama karai kubwa au mashini. Si nzuri kwa unga wa kila siku, maana zamu yako haijui njaa yako. Muwe watu wa lupango moja au parokia moja, mwandike majina na zamu, na anayepokea wa kwanza awe na mtu wa kumsimamia. Pia kuna vikundi vya AVEC, vinavyoweka akiba katika sanduku lenye funguo tatu, vinakopesha wenyeji wake kwa riba ndogo, na mwisho wa mwaka vinagawanya. Riba ile inarudi kwenu wenyewe.

Na wewe usiwe mkopeshaji bila kujua. Kuuza kwa deni kwa kila rafiki ni kugawanya kapitali yako mtaani. Andika mpaka: hakuna deni jipya mbele ya kulipa la zamani.

6. ALIISHI KWA KINACHOBAKI

Turudie 8,000 FC za mama wetu. Tunapendekeza zigawanywe hivi:
– 4,000 kwa chakula cha nyumba: huo ni mshahara wake;
– 2,500 kwa kukuza kazi na kubadilisha vyombo vilivyochakaa;
– 800 kwa Mungu, ndiyo sehemu ya kumi;
– 700 kwa mkebe wa misaada na kilio.

Akifanya kazi siku 26 kwa mwezi, mkebe wa kukuza unakuwa na 65,000 FC. Hapo anaweza kununua unga kwa mfuko mzima, kwa bei ya chini, bila kumwendea mtu. Hii ndiyo njia ya biashara kukua: polepole, kutoka ndani.

7. MBELE YA SERIKALI

Mkristo hafanyi kazi kwa kujificha. Kwa biashara ndogo, patenti ndiyo karatasi ya kwanza, na kodi ya soko inalipwa na risiti mkononi. Weka risiti zote. Anayekuomba feza bila risiti, mwulize kwa heshima inakwenda katika kaisi gani. Tangu Kongo iingie katika OHADA, mwaka 2012, mwenye kazi ndogo anaweza kutangaza kazi yake kama "entreprenant", bila kufungua sosiete. Wale wanaokua waulize kwenye Guichet Unique. Muende wenyewe, au na mtu wa parokia anayejua mambo hayo, msimpe mtu wa njiani karatasi zenu.

MWISHO WA SOMO

Mtu anaweza kuuliza: je, muujiza uko wapi, kama ni hesabu tu? Muujiza ulikuwa wa Mungu: mafuta hayakukoma. Lakini kuazima vyombo, kufunga mlango, kumimina, kuuza na kulipa, hayo yote alifanya mama. Mungu hakufanya kazi yake mama, na mama hakufanya kazi ya Mungu. Tuombe asubuhi, tuandike jioni.

Na kama mmoja kati yenu ameanguka tayari, kapitali imekwisha, asione haya kurudi kwa ndugu. Mjane naye alianza na nyumba tupu. Atazame tena katika nyumba: mafuta kidogo yako wapi?

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kila mmoja ataje kitu kimoja alicho nacho katika nyumba kinachoweza kuanza kazi.
2. Katika mtaa wetu, wauzaji wanazidi kwa kitu gani? Wanunuzi wanakosa kitu gani?
3. Ni nani au nini kinachofungua mlango wetu mara nyingi: kilio, deni la rafiki, mavazi, haya? Tutasaidianaje kuufunga?
4. Je, kikundi chetu kinaweza kuanza likelemba? Nani ataandika kaye?

Mwezi unaokuja, kila mmoja alete kaye yake ya majuma manne. Hatutatazama nani alipata nyingi. Tutatazama nani aliandika kila jioni.

Bwana abariki kazi ya mikono yenu.